Abonyezaye Hasikii

1

Mtu asiyejua kunyamaza hafai kupewa redio. Hilo niliwaambia watahiniwa wangu asubuhi ile, kama nilivyowaambia wengine wote kwa miaka kumi na minane, na mtu asidhani kwamba nimelifuta. Nimefuta mengine.

Walikuwa sita, wamejikunyata kwenye benchi na mablanketi yao, ukungu umekaa dirishani. Kituo cha kirudishi cha Mlima Ihanga ni chumba kimoja cha mawe, na Juni huku juu hata panya huondoka. Nyuma yao alikaa Mkaguzi Osmundi Mbilinyi na koti la Mamlaka ya Hewa, wale wasimamizi wa redio, anaandika. Huyo nilimfundisha mimi mwenyewe. Alipata mia na ishirini kwa mia na ishirini, na tangu siku hiyo amekuwa mtu wa kuchosha.

"Hii ni nini?" Nilimwinulia binti wa mwisho redio koli.

"Kitufe, Mwalimu."

"Redio nzima ni kitufe?"

Wenzake wakacheka. "Hapana, Mwalimu. Hapo kidole chako kilipo ndipo kitufe."

"Nikikibonyeza?"

"Unasema."

"Na kusikia je?"

Akawatazama wenzake. Hawa wamezaliwa baada ya jua kuchafuka na dhoruba yake kuua simu. Hawajawahi kushika simu inayoita, kwa hiyo hawana cha kulinganisha, lakini bado kila mmoja anaingia hapa akidhani atasema na kusikia kwa wakati mmoja, kama watu wawili jikoni.

"Ukibonyeza, sikio la redio linafungwa," nikawaambia. "Dunia nzima ikikuita, huipati. Abonyezaye hasikii. Kwa hiyo unabonyeza, unasubiri sekunde moja ili neno lako la kwanza lisikatike, unasema, halafu unasema 'nakuachia', na unatoa kidole. Ukisahau kutoa kidole umeziba mdomo wa kila mtu aliye kwenye chaneli hiyo. Tumeelewana?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Nikawaonyesha kirudishi, kabati la chuma lenye taa za kijani. Redio ya mkononi haina nguvu ya kuruka milima. Inapiga kilomita chache, inakutana na mgongo wa kilima, inaishia hapo. Kirudishi hukaa juu, kinaisikia kwa masafa ya kuingilia, na papo hapo kinayarudia maneno yaleyale kwa masafa ya kutokea, kwa nguvu kubwa, hadi kijiji cha mwisho. Sisi tuna chaneli nane tu kwa watu elfu nne na mia tatu. Ndiyo maana katikati ya kabati, kati ya kinachosikia na kinachosema, kuna kisanduku cha kijivu kiitwacho Mgavi.

Mgavi ndiye anayegawa zamu. Ukibonyeza, yeye hutazama una cheti au huna, husikiliza unavyosema, na ukitumia istilahi sahihi hukupandisha kwenye foleni, ukibwabwaja hukushusha. Asiye na cheti hukaa mkiani. Asiye na cheti akitamka mwito wa hatari, "hatari, hatari, hatari", hufungiwa saa nzima, kwa sababu zamani kila aliyepotelewa na kuku alikuwa anatangaza hatari. Istilahi hizo mia na ishirini niliziandika mimi. Mtihani ni wangu na kanuni ni zangu. Mgavi alijengwa juu ya daftari langu, na siku hiyo asubuhi nilikuwa bado najivunia.

Nilikuwa na sababu. Mwaka ule jua lilipochafuka na simu zote kufa, mume wangu Edsoni alikuwa amebanwa chini ya lori mtoni, na redio mkononi. Aliita dakika arobaini. Nyanda hizi zote zilikuwa zinaongea kwa pamoja, kila mtu anamtafuta wake, na sauti yake ilipotelea humo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimebonyeza kitufe muda huo wote, namwita.

Wakati tunamaliza, Osmundi akafunua rejista. "Naona Fraida Luvanda ameanguka mara tatu, Mwalimu."

"Na ataanguka ya nne. Nilimwuliza masafa ni nini. Jibu ni idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde. Unajua aliniandikia nini? 'Masafa ni mahali ambapo watu wamekubaliana kukutana.'"

"Sifuri," akasema Osmundi.

"Sifuri kubwa. Na kwenye redio, badala ya kusema 'nakusoma', anasema 'nakusikia vizuri tu, umeshakunywa chai?'"

Tukacheka wote wawili. Kicheko kile bado kinaniuma.

2

Watahiniwa waliteremka. Saa nne kamili nikafanya ninachofanya kila saa: nikasogea kwenye redio yangu ya zamani, ile isiyopita kwa Mgavi, inayosikiliza masafa ya kuingilia moja kwa moja kutoka kwenye antena, nikazungusha kinyamazishi hadi mwisho.

Kila redio ina kinyamazishi. Ni kile kinachoziba spika wakati hakuna wimbi la maana, usikae unasikia mkwaruzo mchana kutwa. Lakini kinapoziba mkwaruzo, kinaziba pia mtu aliye mbali sana au mwenye betri inayokata roho. Kwa hiyo sisi wa zamani tulikuwa na desturi. Mwanzo wa kila saa, dakika tatu, kila mtu anatoa kidole, anafungua kinyamazishi, na anasikiliza mkwaruzo mtupu. Tuliziita dakika za kimya.

"Bado tu, Mwalimu?" Osmundi alikuwa anamenya kiazi cha moto kutoka kwenye sufuria yangu bila kukaribishwa. "Kanuni hiyo ilifutwa. Mgavi anasikiliza kwa niaba yetu."

"Kula kiazi."

Mkwaruzo ukajaa chumbani. Dakika ya kwanza ikapita. Kwenye dakika ya pili, ndani ya mkwaruzo, nikasikia mtu anahesabu.

"...kumi na saba, kumi na nane, mimi kumi na tisa. Kuna mtu? Jamani, kuna mtu yeyote?"

Nikanyakua kipaza sauti. "Kituo kinachoita, hapa ni Ihanga. Taja jina lako la mwito. Nakuachia."

"Mama Sanga? Ni wewe? Ni mimi Fraida! Asante Mungu wangu. Kilima kimeshuka, mama. Tumo ndani ya stoo ya viazi Idunda, tulikuwa tunachambua mbegu, mlango umefukiwa wote. Tuko kumi na tisa. Maji yanaingia. Mama Erika ameangukiwa na boriti, hasemi."

"Tangu lini?"

"Saa tatu na nusu na kitu. Nimeita hatari mara tatu kama ulivyofundisha. Redio ikalia ule mlio wa kufungiwa. Nimekaa nabonyeza tu."

Nikatazama saa. Alikuwa amefungiwa kwa dakika ishirini na sita.

"Unanipataje kutoka ndani ya udongo?" nikamwuliza, kwa sababu akili ya fundi haina adabu, hata mtu anapokufa inauliza.

"Nimechomoa waya wa taa nimeufunga kwenye antena, nikaupitisha kwenye bomba la hewa utokeze nje. Nimekosea?"

Kwenye mtihani alishindwa kueleza antena ni nini. "Hujakosea," nikamwambia. "Usiutoe. Kaa kimya uhifadhi betri. Nakuja hewani."

3

Nilijua mtu wa kumwita. Obadia Ilomo alikuwa anasawazisha barabara ya msituni na mtambo wake wa kijiko, nusu saa kutoka Idunda. Mtu mwingine yeyote angefika na majembe na kuchimba hadi Jumapili. Fraida alinipata kwa sababu redio yake ni kuukuu kama yangu, lakini kwenye chaneli za Mamlaka redio za siku hizi hazifungui spika bila mlio wa ruhusa wa Mgavi. Obadia angenisikia kama Mgavi angetaka anisikie, basi.

Nikaingia kwa cheti changu, cheti namba moja. Nikasema kwa istilahi zote, sikukosea hata moja. Kioo cha Mgavi kikafikiri, halafu kikaandika: UJUMBE WA NIABA YA MTU ALIYEFUNGIWA. ZAMU: 212. SUBIRI DAKIKA 41.

"Hii ni nini?" Nilipiga kabati kofi.

Osmundi alisimama na kiazi mkononi. "Ni kanuni ya sitini na nane, Mwalimu. Mwenye cheti asimsemee aliyefungiwa." Akaweka kiazi mezani. "Uliandika wewe. Wenye vyeti walikuwa wanauza sauti zao."

"Najua nilichoandika!"

"Basi tujaze fomu ya dharura. Makao makuu wanajibu ndani ya saa moja."

"Osmundi, mwanangu, sikiliza. Wale wamo kwenye shimo. Maji yanaingia. Pikipiki yako kwenye tope hili itachukua saa moja na nusu kufika. Unataka nijaze fomu?"

Nikashika mpini wa kisanduku cha kijivu. Ukikivuta, kinatoka kama droo. Kikitoka, baada ya sekunde kumi redio zote elfu nne na mia tatu zinarudi kwenye tabia yao ya zamani: zinafungua spika, na zote zinaangukia chaneli ya kwanza.

Akanishika mkono. Hajawahi kunigusa tangu nimjue.

"Chaneli ya tatu," alisema. "Tazama kwanza chaneli ya tatu, Mwalimu. Nakuomba."

Nikafungua spika ya chaneli ya tatu. Daktari Mligo, kutoka mjini, alikuwa anamwelekeza muuguzi wa zahanati ya Lupande. Mama amejifungua salama lakini damu haikatiki. Muuguzi ni wa mwaka wa kwanza, yuko peke yake, na kila anachofanya anakifanya kwa sauti ya yule daktari.

"Ukimtoa Mgavi, wote wataangukia chaneli moja," Osmundi akasema. "Watu elfu nne. Watasikia spika zimefunguka, watabonyeza. Nani? Nani? Unanisoma? Kuna nini? Yule muuguzi hatasikia neno. Huyo mama naye ana watu wa kumlilia."

"Wale ni kumi na tisa."

"Sikujua kwamba tunapima watu kwenye mzani sasa."

Maneno hayo yalinifika. Ni mimi niliyejenga mzani. Na alichokuwa anaogopa ni kitu nilichomfundisha kukiogopa. Nilimsimulia habari za Edsoni darasani, mbele ya wenzake, ili waelewe kwa nini watu hawawezi kuachiwa hewa mikononi. Alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa na alilia.

Nikarudi redioni. "Fraida. Maji yamefika wapi?"

"Kiunoni kwa wafupi." Sauti yake ilikuwa imepoa, na upole ule ulinitia hofu kuliko kelele. "Tumempandisha Mama Erika juu ya magunia. Mama Sanga, nina swali. Kama nisingesema hatari, ningesema tu kwamba nina shida, ingenipitisha?"

Nilirudi kwenye mpini, Osmundi akanishika mkono tena. Jibu ni kwamba isingempitisha.

Nilikasirika wakati ule. Niseme wazi, sikuwa na hekima yoyote, nilikuwa na hasira, na kubwa zaidi ilikuwa juu yangu mwenyewe. Miaka kumi na minane nimewaambia watu wangu kwamba hawawezi kunyamaza, na sijawahi hata siku moja kuwaomba wanyamaze. Niliwawekea mashine kabla ya kuwauliza.

"Osmundi, una ufunguo wa kuzima kituo chote," nikasema. "Ni haki yako kama mkaguzi. Ukiona nimekosea, uzungushe. Lakini mkono wangu uachie."

Akauachia. Ufunguo ulikuwa kwenye mnyororo shingoni kwake, akautoa, akauingiza kwenye tundu la ukuta na kuuacha mkono pale pale.

Nikavuta droo.

4

Taa za kijani zikazimika, zikawaka tena moja moja. Nilihesabu hadi kumi. Hata kabla sijafika, sauti zilishaanza: "Haloo?" "Nani huyo?" "Zamu yangu ime—" na mlio mkali wa mawimbi mawili yanapogongana. Kirudishi kiko kwangu, na mtambo wangu hupita juu ya wote. Nikabonyeza, nikasubiri sekunde moja, nikasema.

"Wenzangu. Mimi ni Tamali Sanga wa mlimani. Mgavi nimemtoa mimi mwenyewe, msimlaumu mtu mwingine. Sasa hivi sote tuko chaneli moja, Nyanda nzima. Kuna mama anavuja damu Lupande, na daktari anamwelekeza muuguzi wake. Kuna wanawake kumi na tisa wamefukiwa kwenye stoo ya viazi Idunda. Wanaohitaji kusema ni hao peke yao. Sisi wengine tunasikiliza. Nawaomba mtoe vidole. Dakika za kimya, kama zamani. Sina namna ya kuwalazimisha na sitaki kuwa nayo. Natoa kidole changu."

Nikatoa.

Sijawahi kuogopa kitu kama kile kimya. Osmundi alikuwa ameukaza mkono juu ya ufunguo. Spika ikatoa pumzi kidogo ya mkwaruzo, halafu ikanyamaza.

"...Daktari?" Alikuwa muuguzi, sauti ya mtoto kabisa. "Daktari, upo?"

"Nipo. Kiganja juu ya tumbo, kanda kwa nguvu, usiache. Ukihisi limekuwa gumu kama—"

"Jamani, bei ya pareto leo ni—"

Mzee mmoja, Mungu amsamehe, alikuwa ameamka na kubonyeza bila kusikia lolote. Mlio ukakata sikio. Nikaona bega la Osmundi limeanza kuzunguka. Nilitaka kubonyeza nimtukane yule mzee mpaka ajute kuzaliwa. Nadhani watu elfu nne walitaka hivyo hivyo. Na hakuna aliyebonyeza. Hata mmoja. Yule mzee alipotoa kidole asikie jibu, walimwachia kimya hadi akaelewa mwenyewe, na hakubonyeza tena.

"Rudia, Daktari," akasema muuguzi.

"Likiwa gumu, umeshinda nusu. Kanda. Nitanyamaza dakika moja nikuache ufanye kazi. Idunda, semeni ninyi."

Hakuna mashine iliyomwambia aseme hivyo. Alitoa zamu yake kwa mkono wake, kama unavyompisha mtu kisimani.

"Asante, Daktari," akasema Fraida. "Mimi ni Fraida, mtoto wa Luvanda mwenye kinu. Tumo stoo ya Idunda, upande wa chini wa barabara. Msichimbe mlangoni, kilima chote kimelala hapo. Kuna bomba la hewa nyuma, utaona waya mwekundu umetokeza. Chimbeni hapo. Maji kifuani. Basi."

"Fraida, ni Obadia wa kijiko. Nimegeuza mtambo. Nakuja. Dakika ishirini na tano, na kama daraja halipo napita mtoni. Mimi pia nimemaliza. Daktari, chukua."

Na Daktari akachukua. Hivyo ndivyo ilivyokwenda, dakika thelathini na nane, hadi leo sijui niielezeeje. Lupande wakisema, Idunda wananyamaza. Idunda wakisema, Lupande wanafanya kazi kimya. Hakuna aliyesema "nakusoma", hakuna aliyesema "nakuachia" kwa namna niliyoiandika, na hakuna aliyemkanyaga mwenzake. Tulimsikia muuguzi akilia kwa furaha damu ilipokatika. Tulimsikia Fraida akiwaambia wenzake waimbe, halafu akawaambia waache, hewa inaisha. Tulisikia, kupitia bomba, jino la kwanza la kijiko likigusa bati.

Osmundi alikuwa amekaa sakafuni. Sijui aliuachia ufunguo saa ngapi.

Walitoka kumi na nane. Mama Erika Tweve walimtoa wa mwisho, naye alikuwa ameshafariki. Daktari aliyempima alisema pengine alikufa kabla ya saa nne, katika zile dakika ishirini na sita. Wengi wamenijia kuniambia si kosa langu, boriti ni boriti. Nawashukuru. Dakika zile ni zangu, na nitakwenda nazo.

5

Osmundi aliandika mashtaka yangu mezani kwangu, kwa mwandiko mzuri niliomfundisha. Kumtoa Mgavi bila kibali. Kuvunja kanuni ya sitini na nane. Kuhatarisha mawasiliano ya hospitali. Yote ni kweli na nilitia sahihi bila kusoma mara ya pili. Nikashusha cheti namba moja ukutani, nikampa.

"Waambie makao makuu hivi," nilisema. "Waambie mwandishi wa daftari anasema daftari lina kosa."

"Watamrudisha Mgavi, Mwalimu. Keshokutwa mafundi wanakuja. Wanasema watu walinyamaza siku moja kwa sababu waliogopa."

"Waliogopa, ndiyo. Mimi pia. Walinyamaza hata hivyo."

Akakitia cheti ndani ya koti. Aliondoka na ukungu, na aliniachia viazi vyote, jambo lisilo la kawaida yake.

Siku mbili zile sikukaa bure. Hata Fraida hakukaa. Alikuwa na bandeji kichwani na redio kiunoni, akipita kijiji kwa kijiji, mgongo kwa mgongo wa kilima. Kila nilipomwuliza anafanya nini, aliniambia anasalimia watu.

Mafundi walikuja siku ya tatu, wakasukuma droo, wakakaza skrubu, wakaweka na kufuli. Osmundi alisimama mbele ya kioo kuangalia foleni ikijaa, kwa maana saa sita mchana ndipo Nyanda nzima huongea. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni na redio yangu ya zamani, raia asiye na cheti, nachambua maharage.

Saa sita ikafika. Kioo kikaandika: FOLENI: 0.

Akasubiri. Akakigonga kwa kidole. Saa sita na robo ilikuwa bado sifuri. Fundi mmoja akasema labda antena, wakapanda, wakashuka, antena nzima.

Nikazungusha kitasa cha redio yangu, taratibu, mbali na chaneli za Mamlaka, mbali na masafa ya kuingilia na ya kutokea, hadi pale Fraida aliponiambia. Moja kwa moja, redio kwa redio, bila kirudishi. Ni kilomita chache tu kwa kila mmoja, lakini kila mmoja anampasia wa kilima cha mbele, na kabla ya kusema anasikiliza.

"...na Lupande wanasema mama na mtoto wanaruhusiwa kesho, mpasie wa Usalimu. Mama Sanga, upo huko juu? Umeshakunywa chai?"

Nikabonyeza. Nikasubiri sekunde moja.

"Nakusikia vizuri tu, Fraida," nikasema, na nikatoa kidole.

Osmundi alikuwa amesimama nyuma yangu. Mafundi walikuwa wanatazama. Alijua ni kosa, alijua ni kifungu gani, na kalamu ilikuwa mfukoni mwake.

"Mwalimu," aliuliza polepole, "wote wamehamia masafa gani?"

Nikatoa kwenye mfuko wa aproni karatasi ya mtihani ya Fraida Luvanda, ile ya tatu, yenye sifuri niliyoizungushia wino mwekundu kwa mkono wangu, nikampa asome jibu lake.